Hospitali ya Kilimani Hot Springs na Safari ya Askari wa Zamani

Msafiri atokaye Rapid City, mji wa pili kwa ukubwa katika jimbo la South Dakota nchini Marekani, akiishika barabara kuu namba 79 kuelekea kusini, huiona upande wake wa kulia milima iitwayo Black Hills, yaani Milima Myeusi. Imepewa jina hilo kwa kuwa misonobari iliyoifunika huonekana nyeusi ikitazamwa kwa mbali. Upande wa kushoto hakuna mlima wala msitu. Ni mbuga tupu, nyasi na seng'enge, na ng'ombe wanaochunga katika mashamba ambayo moja lake laweza kupata maelfu ya ekari. Nyumba ziko mbali mbali mno, hata usiku taa ya jirani huonekana kama nyota iliyoanguka chini. Baada ya mwendo wa maili zipatazo 60, kadiri ya kutoka Nairobi mpaka Naivasha, msafiri huwa amekwisha kukata kulia na kuingia katika bonde jembamba, na humo bondeni ndimo ulimo mji wa Hot Springs.

Mji wenyewe ni mdogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 ulikuwa na wakaaji wapatao 3,400 tu, nao ndio makao makuu ya wilaya ya Fall River. Maji ya chemchemi zake hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 87 za Farenhaiti, na mto upitao kati ya mji hauishiki barafu hata wakati wa baridi kali, theluji ikiwa imefunika kingo zake zote mbili. Yasimuliwa kwamba zamani Walakota na Wacheyenne walipigana kwa ajili ya chemchemi hizo, na kwa sababu hiyo mlima uliosimama juu ya mji ukaitwa Battle Mountain, yaani Mlima wa Vita. Baadaye walikuja Wazungu, wakajenga mahoteli na mabirika ya kuogea. Birika kubwa lililofunguliwa mwaka 1890 halijakoma kupokea waogaji.

Lakini si maji tu yaliyoupatia mji huo sifa. Wenyeji wenyewe huuita Mji wa Askari wa Zamani, na mgeni hana haja ya kuuliza sababu. Akiinua macho kidogo tu atayaona juu ya kilima majengo ya mawe ya mchanga, yenye rangi ya waridi, na mapaa ya vigae vyekundu. Hiyo ndiyo hospitali iliyofunguliwa mwaka 1907 kwa jina la Battle Mountain Sanitarium.

Asili yake yarudi nyuma mpaka vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vilivyopiganwa tangu 1861 hadi 1865. Mwezi wa Machi 1865, vita vikielekea kwisha, Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kuanzisha makao ya taifa kwa askari wa kujitolea waliopata vilema vitani. Makao hayo yalijengwa katika majimbo mbalimbali, nayo yalikuwa mahali pa kulala, kula na kuzeeka kwa heshima. Kwa kadiri miaka ilivyopita ikaonekana kwamba wazee wengi hawakuhitaji kitanda na chakula tu, bali tiba hasa ya vifua na ya viungo vilivyokakamaa. Jimbo la South Dakota lilikuwa limekwisha kujenga makao yake lenyewe kwa askari wa zamani hapo hapo Hot Springs, yakafunguliwa mwaka 1890. Ndipo mwaka 1902 Bunge la Marekani likakubali kujenga huko hospitali ya taifa, kwa sababu hewa ni kavu, jua ni tele, na maji ya moto yapatikana bure kutoka ardhini.

Mchoraji wa ramani ya majengo hayo alikuwa Thomas Rogers Kimball wa mji wa Omaha, na kazi yake yastahili kuangaliwa kwa makini na mtu yeyote apendaye mambo ya ujenzi. Hakuweka nyumba zake katika safu kama kambi ya jeshi. Alifanya uwanja wa mviringo katikati, akauzungushia ushoroba wenye paa, na kutoka ushoroba huo wodi zikaenea nje pande zote, mfano wa njiti za gurudumu la baiskeli. Hivyo kila wodi ilipata upepo na jua kwa zamu yake. Mzee mwenye pumzi fupi aliweza kutoka kitandani mwake mpaka bafuni au chumba cha chakula bila kunyeshewa. Mtu aliyechora namna hiyo alifikiri kwanza miguu ya mgonjwa, kisha ndipo akafikiri uzuri wa jengo.

Mwaka 1930 kazi zote za askari wa zamani, yaani pensheni, matibabu na makao, ziliwekwa chini ya idara moja ya Serikali, ambayo tangu mwaka 1989 imekuwa wizara kamili. Hospitali ya kilimani ikawapokea askari wa vita baada ya vita: wa vita vikuu viwili vya dunia, wa Korea, wa Vietnam, na baadaye wa Iraq na Afghanistan. Ugonjwa nao ukabadilika. Waliokuja mwanzo walikuja na vifua vibovu. Waliokuja baadaye wengi wao walikuja na majeraha yasiyoonekana, yaani kukosa usingizi, hofu za ghafula, na ulevi ambao mtu huuanza ili asahau. Kwa ajili ya hao, hospitali ikawa na bweni la matibabu ambamo mtu hukaa kwa majuma au miezi, akitengenezwa pole pole. Mji mdogo wenye utulivu, ambamo muuza duka na kinyozi wamezoea askari na hawamshangai, si kitu kidogo kwa mgonjwa wa namna hiyo.

Mwaka 2011 ulileta mambo mawili ambayo ni vigumu kuyapatanisha. Katikati ya mwaka Serikali iliyatangaza majengo yale kuwa kumbukumbu ya historia ya taifa, daraja ya juu kabisa ya heshima ambayo jengo laweza kupewa nchini humo. Kisha mwezi wa Desemba wa mwaka ule ule, wizara ikatoa shauri la kuifunga hospitali hiyo. Wagonjwa wa bwenini wangehamishiwa Rapid City, katika nyumba mpya yenye vitanda 100, na Hot Springs ingeachiwa zahanati tu.

Si haki kusema kwamba shauri hilo lilitolewa pasipo sababu. Madaktari ni wagumu kupatikana katika mji wa watu elfu tatu. Mtaalamu kijana huuliza kwanza mke wake atapata kazi wapi na watoto watasoma wapi. Majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1907 yana milango na vyoo visivyofaa kwa viti vya magurudumu, na kuyatengeneza upya ni gharama kubwa, tena sheria ya kumbukumbu za taifa yazuia kuyavunja ovyo. Bweni lililopangwa kwa ajili ya wanaume halikuwafikiria askari wanawake, wala mzazi mwenye mtoto. Aidha, askari wa zamani wengi zaidi wakaa karibu na Rapid City kuliko Hot Springs, na mtu akimaliza matibabu ya bwenini hutaka kazi na nyumba, navyo hupatikana mjini kuliko bondeni. Karani yeyote aliyepata kuandaa bajeti ya wilaya ataona kwamba hoja hizo zina uzito.

Wenyeji hawakuzikubali. Walifanya kamati, wakakusanya makaratasi, wakatengeneza mpango wao wenyewe ulioifanya Hot Springs kuwa kituo cha taifa cha kutibu maradhi ya akili yaletwayo na vita, wakaupeleka wizarani. Katika maneno yao mengi, moja ndilo lililokuwa na nguvu kupita yote, nalo lahusu daftari.

Wizara ilisema wagonjwa wamepungua. Wenyeji wakajibu kwamba mwaka 1996 hospitali yao iliunganishwa chini ya uongozi mmoja na ile ya Fort Meade, iliyo kaskazini ya Rapid City, na kwamba tangu hapo huduma zilikuwa zikiondolewa Hot Springs moja baada ya nyingine. Huduma ikiondolewa, mgonjwa aliyeihitaji haji tena. Asipokuja, jina lake haliandikwi. Jina lisipoandikwa, hesabu ya mwisho wa mwaka huonyesha kwamba watu wachache wahitaji hospitali, na hesabu hiyo hufanywa sababu ya kuondoa huduma nyingine. Daftari humhesabu aliyefika. Haliwezi kumwandika mzee aliyeamka alfajiri, akatazama theluji dirishani, akalala tena na maumivu yake.

Natuchukue mfano wa mzee akaaye Oelrichs, kijiji cha wafugaji kusini mashariki ya Hot Springs. Hospitali ya kilimani ni safari ya maili 20 na ushei kwake. Ikifungwa, hospitali ya Rapid City itakuwa mbali kadiri ya maili 70, na kurudi vile vile. Kwa kijana mwenye gari zuri na siku ya jua hilo si jambo. Lakini mzee huyu macho yake hayaoni vema jioni, mkewe haendeshi gari, na miadi yake na daktari ni saa nane mchana katika mwezi wa Januari, ambao jua lake huchwa mapema. Tena ana ng'ombe. Wakulima wa Kenya hawana haja ya kuelezwa maana ya kuacha mifugo siku nzima bila mtu. Mwezi wa Oktoba 2013 tufani ya theluji iliyokuja kabla ya wakati wake iliua makumi ya maelfu ya ng'ombe katika sehemu hizo za South Dakota, wakiwa bado malishoni na manyoya yao ya baridi hayajaota. Mfugaji aliyepata hasara kama ile haondoki nyumbani kwa moyo mwepesi.

Ni kweli wizara haimwachi msafiri bila msaada. Tangu mwaka 2008 yule aliyestahili amekuwa akirudishiwa senti 41 na nusu kwa kila maili, baada ya kukatwa kiasi kidogo. Chama cha askari walemavu nacho kina magari yaendeshwayo na watu wanaojitolea, ambayo huwachukua wagonjwa bila malipo. Lakini gari la namna hiyo huondoka asubuhi na kurudi baada ya mgonjwa wa mwisho kuonwa, na aliyeonwa wa kwanza hana budi kungoja kutwa.

Jambo la umbali limewasumbua wapangaji wa Washington zaidi ya jambo jingine lolote. Mwaka 2014, baada ya kugunduliwa kwamba katika hospitali ya askari huko Phoenix, jimbo la Arizona, majina ya wagonjwa waliongoja yalifichwa ili hesabu ionekane njema, Bunge lilipitisha sheria mpya upesi. Askari wa zamani akaaye zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha wizara aliruhusiwa kwenda kwa daktari wa kiraia aliye karibu naye, Serikali ikalipa. Watu wakafurahi, mpaka ilipojulikana jinsi maili hizo zilivyopimwa. Zilipimwa kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, kana kwamba mgonjwa ana mabawa. Katika nchi ya milima na mito, mtu aliyeonekana juu ya karatasi kuwa umbali wa maili 38 aliweza kuendesha gari maili 60, naye akaambiwa hana haki. Mwaka 2015 kipimo kikarekebishwa, ikahesabiwa barabara yenyewe.

Kasoro ya pili ilikuwa imejificha zaidi. Maili zilihesabiwa mpaka kituo chochote, hata kama ni zahanati ndogo isiyoweza kufanya kazi ambayo mgonjwa aliihitaji. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo aliyeishi karibu na zahanati ya kupima damu na kutoa vidonge alihesabiwa kuwa amefikiwa. Hapo ndipo wenyeji wa Hot Springs walipoelewa vizuri maana ya kubadilishiwa hospitali wapewe zahanati. Juu ya ramani kidoto kingebaki pale pale. Tangu Juni 2019 kipimo kimekuwa muda wa kuendesha gari kwa wastani: dakika 30 kwa matibabu ya kawaida na ya akili, na dakika 60 kwa daktari bingwa. Hiki ni kipimo cha akili kuliko vile vya kwanza, ingawa wastani hauijui theluji, wala haujui kama huyo daktari wa kiraia yupo. Katika wilaya nyingi za mbuga hizo askari na raia wanagombea waganga wale wale wachache.

Upande wa mashariki wa wilaya ya Fall River huanza rizavu ya Pine Ridge, nchi ya Walakota wa Oglala, yenye eneo la maili za mraba zaidi ya 3,400. Watu hawa, ambao babu zao walipigana na jeshi la Marekani, wamejiandikisha katika jeshi hilo hilo kwa wingi kupita kiasi cha idadi yao, na mkutanoni askari wa zamani hutangulia kuingia na bendera. Kutoka kijiji cha Pine Ridge mpaka hospitali ya kilimani ni maili 60 na ushei. Kwenda Rapid City ni mbali zaidi, na watu wengi wa rizavu ni maskini wasio na gari la kutegemewa. Ipo hospitali ya Serikali katika rizavu, lakini ni ya idara nyingine, ile ihusuyo afya ya wenyeji wa asili, na kwa muda mrefu askari wa Kilakota alikuwa akisukumwa huku na huku, kila idara ikisema huyu ni wa wenzetu. Desemba 2012 idara hizo mbili zilipatana kwamba wizara ya askari itailipa hospitali ya rizavu kwa kila askari wa asili atakayetibiwa humo. Hakuna jiwe lililojengwa siku hiyo, wala utepe uliokatwa, ila makaratasi tu. Na hata hivyo yawezekana hayo yaliwafupishia safari wagonjwa kuliko mengi yaliyojengwa kwa fahari.

Shauri la Hot Springs lenyewe lilikwenda mbele na nyuma kama ng'ombe mbele ya kivuko. Januari 2017, baada ya mikutano na taarifa nene, waziri alitia sahihi uamuzi wa kuhamisha bweni na kuacha zahanati. Mwaka 2020 waziri mwingine akaubatilisha. Mwezi wa Machi 2022 wizara ikatoa orodha ya mapendekezo kwa nchi nzima, kama ilivyoagizwa na sheria ya mwaka 2018, na katika orodha hiyo kufungwa kwa Hot Springs kukarudi tena. Orodha hiyo ilipasa kupimwa na tume maalumu, ambayo wajumbe wake sharti wakubaliwe na Baraza la Senati. Mwezi wa Juni mwaka ule maseneta 12 wa vyama vyote viwili, wakiwamo wote wawili wa South Dakota, walitangaza kwamba hawatawakubali wajumbe, wakisema kwamba mpango huo ungewaumiza askari wa mashambani kuliko wote. Tume isiyo na wajumbe haiwezi kuketi, na kazi ikakoma hapo.

Wenyeji wa Hot Springs walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia baada ya miaka zaidi ya kumi. Lakini orodha iliyozuiwa haikuleta daktari hata mmoja. Milango ya mwaka 1907 haikupanuka, bweni halikupata vyumba vya wanawake, wala gari la pili halikuongezwa kwenye njia ya Pine Ridge. Wizara ilikuwa imeeleza kwa kirefu kwa nini hospitali haifai kubaki, na watu wa mji walikuwa wameeleza kwa kirefu kwa nini isifungwe. Mabishano hayo yote yalihusu kufunga au kutofunga, na mzee wa Oelrichs alitaka kujua tu ni nani atakayempima moyo wake, siku gani, na kama atafika nyumbani kabla ya giza.